Konzo: Amri ya Ubongo Isipofika Miguuni

Somo letu safari hii ni la neva, lakini nyie wa uhasibu na kompyuta msikimbie, maana mfano wake tumeutoa nyumbani. Wenzetu wa udaktari tunaokaa nao hapa Bani Malik wakimaliza watarudi kwenye hospitali za wilaya, na ugonjwa huu watakutana nao huko, si katika wodi za Jeddah.

Tuanze na njia yenyewe. Ukitaka kuinua mguu, amri hutoka kwenye gamba la ubongo, yaani tabaka la juu kabisa. Wengi tumezoea kusikia kwamba kuna ukanda mmoja tu wa mwendo, basi. Si hivyo. Ukanda ule hutoa kama theluthi tu ya nyuzi. Nyingine zatoka maeneo ya mbele yake yanayopanga mwendo, na hata ya nyuma yake yanayopokea hisia. Zote hukusanyika, karibu milioni moja kila upande, zikashuka mpaka shina la ubongo. Hapo nyingi, kama asilimia 90, huvuka upande wa pili. Ndiyo maana kiharusi cha ubongo wa kushoto hupoozesha mkono wa kulia.

Zikishavuka huteremka ndani ya uti wa mgongo, kila kundi na kituo chake: za mkono hushukia shingoni, za mguu huendelea mpaka chini. Kituoni nyingi huongea kwanza na seli za kati, lakini kwa binadamu baadhi hugusa moja kwa moja neva inayoendesha msuli, hasa zile za vidole. Bila hizo hata kufunga kifungo cha shati ni kazi.

Kwa hiyo kuna neva ya juu, kutoka ubongo mpaka uti wa mgongo, na neva ya chini, kutoka hapo mpaka msuli. Tofauti hii ndiyo roho ya somo. Polio huua ya chini: mguu hulegea, hukonda, na ukigonga goti kwa nyundo kimya. Konzo hupiga ya juu. Msuli upo, neva yake i hai, ila amri haifiki, na breki ya ubongo nayo imepotea. Gonga goti uone mguu unavyoruka! Miguu hukakamaa, magoti hukaribia kugusana, mgonjwa hutembea kwa ncha za vidole. Wengine hawatembei tena.

Jina ni la Kiyaka cha Kongo, maana yake miguu iliyofungwa, na daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Huanza ghafla, mtu mzima wa afya ndani ya siku chache hana miguu. Hauzidi baada ya hapo, lakini hauponi. Wengi wao ni watoto na akina mama walio katika umri wa kuzaa. Mkongomani mwenzetu, Desire Tshala-Katumbay, na wenziwe walisisimua ubongo wa wagonjwa kwa umeme na sumaku kutoka nje ya fuvu, wakapima msuli: kwa baadhi halikuja jibu lolote.

Chanzo ni muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, ukila wiki kwa wiki bila samaki, nyama wala maharage. Muhogo huo hutoa sianidi, na mwili huhitaji salfa ya protini ili kuiondoa. Ukame huongeza sumu kwenye muhogo, na njaa hufanya watu wafupishe siku za kuloweka. Tarime uliibuka mwaka 1985 wakati wa ukame, na Mtwara mwaka 2002 na 2003. Kahemba, Kongo, umekuwa ukirudi rudi. Kwa maoni yangu huu ni ugonjwa wa umaskini kabla ya kuwa wa neva.

Dawa ya kuufufua uzi uliokufa hakuna, ila kinga ipo na ni rahisi mno. Mkemia Howard Bradbury wa Australia alionyesha hivi: unga wa muhogo ulowanishe kwa maji, utandaze tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja, uuache juani kwa muda wa saa mbili au kivulini saa tano. Sianidi huruka hewani. Unga huo usongwe ugali siku hiyo hiyo, usilazwe.