Somo la wiki: Bei halisi ya mbao mbichi

Anayejenga nyumba ya kuishi au ya wageni mjini Same hufikia hatua ya sakafu na milango mfuko ukiwa umepungua. Hapo ndipo mbao mbichi humvutia kwa bei yake nafuu. Wiki hii tunaupima unafuu huo.

Maji yaliyomo katika mbao yakishuka chini ya kiasi cha asilimia 30 ya uzito wake mkavu, mbao huanza kusinyaa kwa upana na unene. Milima ya Upare huzuia pepo za mvua kutoka Bahari ya Hindi, hivyo Same, iliyo upande wa magharibi, ni kavu kuliko Chome au Mbaga. Mbao iliyotulia mlimani itasinyaa tena ikishushwa mjini.

Tufanye hesabu. Chumba chenye upana wa meta 3 huchukua mbao 30 za milimita 100. Kila moja ikisinyaa asilimia 3, jumla ni milimita 90, karibu upana wa ubao mzima. Nyufa hizo hujitokeza fundi akiwa amekwisha kulipwa.

Namna ya kupima: kata kipande katikati ya ubao, kipime, kisha kikaushe katika joto la nyuzi 103 hadi uzito usipungue tena. Gramu 224 zikibaki 200, gawanya 24 kwa 200: maji ni asilimia 12. Kwa ndani ya nyumba ya Same, asilimia 10 hadi 12 inafaa.

Mninga husinyaa kidogo. Loliondo ni mgumu na hufaa sakafu inayokanyagwa sana, lakini hukauka polepole. Hata mwaloni wa Ulaya hufuata kanuni hiyo hiyo. Mkulo uepuke usipokuwa na hati halali, kwani msitu wa Chome ni hifadhi na mzigo wa magendo hutaifishwa.

Zege likauke kwanza. Mbao zikae chumbani wiki mbili kabla ya kupigiliwa, na pembeni mwa ukuta iachwe nafasi ya milimita 10, ifunikwe kwa skatingi.

Muuzaji wa mbao kavu amelaza mtaji wake kwa miezi, ndiyo maana bei yake iko juu. Kabla ya kumkimbia, jumlisha kwenye bei ya mbao mbichi gharama ya kung'oa sakafu na kumlipa fundi mara ya pili.