Ufunguo wa Sanduku Lako: Namna ya Kuchagua Huduma ya Barua Pepe Inayopatana na Programu ya Kompyuta

Kijitabu hiki ni cha makatibu, wahasibu, walimu, viongozi wa vyama na wenye biashara ndogo wanaofanyia kazi barua pepe kwenye kompyuta ya mezani au kompyuta mpakato.

Kwa nini programu, na si kivinjari?

Anayesoma barua pepe kwa kivinjari anautegemea mtandao kila dakika. Bando likiisha saa nne asubuhi, hata barua ya mwaka jana haifunguki. Programu ya barua pepe, kama vile Thunderbird, Outlook au Apple Mail, inaweza kuweka nakala za barua ndani ya kompyuta yenyewe. Unasoma, unatafuta na kuandika majibu bila mtandao. Mtandao ukirudi, majibu yanaondoka. Akaunti ya ofisi, ya chama na yako binafsi zinakaa kwenye dirisha moja. Thunderbird hailipiwi, nayo hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux.

Hata hivyo, programu haiingii popote bila ruhusa. Wapo watoa huduma wanaoiruhusu bure, wapo wanaoiruhusu kwa malipo, na wapo wasioiruhusu kabisa. Wengi hulijua hilo wakati anwani imeshachapwa kwenye stakabadhi, muhuri na kibao cha mlangoni. Uliza kabla hujajisajili.

Njia tatu za kuzijua

Fikiria sanduku lako la posta, lile la S.L.P.

*POP3* ni sawa na kwenda posta, kufungua sanduku na kubeba barua zote nyumbani. Sanduku linabaki tupu, isipokuwa umeiagiza programu iache nakala kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma. Njia hii inamfaa mwenye kompyuta moja na nafasi ndogo kwenye seva. Hatari yake ni kwamba kompyuta ikiibiwa au diski ikifa, barua zimekwenda nayo.

*IMAP* huziacha barua sandukuni. Unachokiona kwenye kompyuta ni nakala, na simu yako inaona nakala hiyohiyo. Ukiisoma huku, kule inaonekana imesomwa. Ukiifuta huku, kule nako imefutika. Kwa ofisi nyingi za leo, IMAP ndiyo njia ya kuchagua. Lakini usiihesabu kuwa hifadhi ya akiba: kosa la kidole kimoja linafika kila kifaa.

*SMTP* ni karani wa dirishani anayepokea barua unazotuma.

Maswali matano ya kumuuliza mtoa huduma

1. Je, IMAP ipo, na ipo kwenye akaunti ya kiwango gani?

Gmail, Outlook.com na Yahoo huitoa hata kwa asiyelipa. Zoho Mail huitoa kwa wanaolipia. Akaunti mpya ya bure haina. Fastmail ya Australia, pamoja na Posteo na mailbox.org za Ujerumani, ni huduma za kulipia zenye IMAP.

Proton Mail ya Uswisi na Tuta ya Ujerumani ziko tofauti. Huduma hizi huhifadhi barua zikiwa zimefungwa kwa usimbaji, na programu ya kawaida haiwezi kuzifungua. Proton ina programu ya kati iitwayo Bridge, inayofungua barua ndani ya kompyuta yako na kuikabidhi Thunderbird au Outlook, lakini ni kwa wateja wanaolipa tu. Tuta haina IMAP kabisa. Lazima utumie programu yake yenyewe. Ukitanguliza usiri, huenda ukaridhika na masharti hayo. Muhimu ni kuyajua mapema.

2. Programu yangu itaingiaje?

Zamani ilitosha kuandika anwani na nenosiri. Google iliifunga njia hiyo kwa akaunti binafsi mwaka 2022, na Outlook.com ikaifunga Septemba 2024. Ndiyo sababu mtu huandika nenosiri lake kwa usahihi kabisa, na programu ikashikilia kuwa limekosewa.

Sasa kuna njia mbili. Ya kwanza ni OAuth2: programu hukufungulia dirisha la mtoa huduma, unaingia huko, kisha programu inapewa kibali bila kuliona nenosiri lako. Ya pili ni nenosiri la programu, yaani nenosiri refu linalotengenezwa kwa ajili ya programu hiyo pekee. Kwa Google, hulipati mpaka uwe umewasha uthibitishaji wa hatua mbili.

Kwa hiyo hakikisha mambo mawili. Programu iwe toleo jipya linaloelewa OAuth2. Na ukiwasha uthibitishaji wa hatua mbili, chapisha misimbo ya akiba na kuiweka mahali pa siri. Laini ya simu ikipotea, hiyo ndiyo itakayokuingiza.

3. Nafasi ni kiasi gani, na barua iwe na ukubwa gani?

Gmail ya bure ina GB 15, lakini nafasi hiyo inagawanywa na picha na mafaili uliyoyaweka Google. Picha za harusi zinaweza kuzuia ankara za ofisi zisiingie.

Angalia pia kikomo cha barua moja. Kiambatisho kinaposafiri hugeuzwa kuwa herufi za kawaida, na uzito wake huongezeka kwa takriban theluthi moja. Faili la MB 18 linafika kwenye MB 24. Pale ambapo kikomo cha barua nzima ni MB 25, faili la MB 20 litarudishwa, ingawa kwa macho lilionekana dogo.

4. Anwani ni ya nani?

Anwani inayoishia kwa jina la mtoa huduma ni kama nyumba ya kupanga: ukihama, unaiacha. Ofisi au chama ni vizuri kiwe na jina lake la kikoa, kwa mfano linaloishia .or.tz au .co.ke. Siku mtoa huduma akipandisha bei, utahama naye abaki, na anwani utaondoka nayo.

Jambo moja husahaulika sana: kikoa kisajiliwe kwa jina la chama, si kwa jina la fundi aliyetengeneza tovuti. Fundi akiondoka na ufunguo, hata IMAP iliyo bora haitakusaidia.

5. Nikitaka kuondoka, barua zangu zinatokaje?

Penye IMAP kazi ni nyepesi. Unaziweka akaunti zote mbili kwenye programu moja, unanakili folda kutoka ya zamani kwenda mpya, kisha unasubiri. Usifunge ya zamani kabla hujahesabu na kulinganisha. Akaunti uliyoiacha nayo isikae bila kuguswa: Google, kwa mfano, inaweza kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2.

Namba za kuandika kwenye mipangilio

- Kupokea kwa IMAP: 993
- Kupokea kwa POP3: 995
- Kutuma kwa SMTP: 465 au 587

Chagua kila mara muunganisho uliosimbwa, ulioandikwa SSL/TLS. Kwa namba 587 huandikwa STARTTLS. Namba 25 ni ya seva zinapopelekeana barua zenyewe kwa zenyewe, na kampuni nyingi za mtandao huizuia. Mtoa huduma anayekuambia uache usimbaji "ili ifanye kazi", mwache yeye.

Kubana bando

Mara ya kwanza programu hushusha barua nyingi kwa mpigo, basi ifanye siku uliyo kwenye mtandao usio wa kuhesabu MB. Thunderbird inaweza kuagizwa ishushe barua za siku 30 tu, na iruke zile nzito mpaka uzifungue mwenyewe. Wenye Gmail, iondoeni kwenye IMAP folda yenye barua zote, kwa kuwa inarudia yaliyomo kwenye folda nyingine.

Ukitumia Outlook mpya ya Windows, fahamu kwamba barua za akaunti zisizo za Microsoft nazo hunakiliwa kwenye seva za Microsoft. Ofisi zinazotunza taarifa za wagonjwa, wanafunzi au wakopaji zilifikirie hilo.

Jaribio la siku moja

Kabla ya kuitangaza anwani, fanya haya:

1. Unganisha akaunti kwenye programu ya kompyuta na kwenye simu.
2. Jitumie barua mbili zenye viambatisho vya ukubwa unaouzoea kazini.
3. Futa moja kwenye simu, kisha uangalie kama imetoka kwenye kompyuta.
4. Nakili folda moja kwenda akaunti nyingine.
5. Zima mtandao. Fungua barua iliyobaki, na kiambatisho chake.

Hatua ya tano ikifaulu, peleka anwani kwa mchonga mihuri. Ikishindwa, umepoteza siku moja tu, na stakabadhi bado hazijachapwa.