Kumwandaa Mwanafunzi wa Kiswahili kwa Kazi: Mfano wa Kozi ya Tafsiri na Ukalimani

Utangulizi
Anayesomea Kiswahili katika chuo kikuu nchini Kenya aghalabu huulizwa swali moja: atafundisha wapi? Swali hilo lina chimbuko lake. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima, na shule zikahitaji walimu wengi. Hata hivyo, ualimu si kazi pekee inayomhitaji mjuzi wa lugha. Makala haya yanashikilia kwamba maandalizi ya kazi hayahitaji kozi mpya. Yanaweza kuingizwa katika kozi zilizopo na katika shughuli za chama cha wanafunzi.

Darasani
Mfano mwafaka ni kozi ya tafsiri na ukalimani. Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mshtakiwa asiyeelewa lugha inayotumiwa katika kesi yake haki ya kupata mkalimani bila malipo. Kwa hivyo, kosa la mkalimani huenda likamnyima mtu uhuru wake. Mshukiwa, mshtakiwa na mfungwa si watu wa hali moja: wa kwanza anadhaniwa kuwa ametenda kosa, wa pili amefunguliwa mashtaka, wa tatu anatumikia kifungo. Mwanafunzi aliyekariri nadharia za tafsiri bila kuwahi kukalimani mbele ya watu hawezi kulimudu jukumu hilo. Mhadhiri anaweza kuligeuza darasa kuwa mahakama ya maigizo: mmoja awe hakimu, mwingine shahidi, wa tatu mkalimani, na waliosalia waandike kila neno lililoachwa au kuongezwa.

Chamani
Katibu anayeandika kumbukumbu za mkutano, mweka hazina anayetoa hesabu na mhariri anayemrudishia mwandishi makala yake pamoja na sababu, wote wanajifunza kazi. Kinachokosekana aghalabu ni mtu wa kuwasahihisha. Mhadhiri mlezi wa chama akizisoma kumbukumbu hizo kwa makini anayosomea insha, chama huwa darasa la pili.

Hitimisho
Wapo wanaohoji kwamba chuo kikuu ni mahali pa kutafuta maarifa, wala si karakana. Hoja hiyo ina uzito. Lakini ni maarifa hayo ya semantiki na isimujamii yanayomwongoza mkalimani kuchagua neno. Samaki mkunje angali mbichi: afadhali mwanafunzi akosee mbele ya wenzake kuliko mbele ya mshtakiwa anayemtegemea.