Norman Borlaug, Mwana wa Mkulima

Wazee husema, "Achanikaye kwenye mpini hafi njaa." Maana yake ni kwamba mtu ambaye viganja vyake vimechanika kwa kushika jembe hatakosa chakula. Leo tutasoma habari za mtu aliyeshika mpini tangu utoto wake, na jasho lake likawalisha watu wengi sana ambao hakuwajua hata kwa majina.

Norman Borlaug alizaliwa tarehe 25 Machi 1914, katika jimbo la Iowa, nchi ya Marekani. Wazee wa ukoo wake walitoka Norwei, wakavuka bahari kutafuta ardhi ya kulima. Shamba la baba yake lilikuwa la eka 106. Humo walipanda mahindi na majani ya mifugo, wakafuga ng'ombe, nguruwe na kuku. Norman alianza kazi ya shamba akiwa na miaka 7, wala hakuiacha mpaka alipotimiza miaka 19. Shule yake ilikuwa na chumba kimoja tu na mwalimu mmoja. Babu yake, Nels, hakupata elimu nyingi, naye alijuta sana. Kwa hiyo alimhimiza mjukuu wake asome, asije akajuta kama yeye.

Mwaka 1933 Norman alikwenda Chuo Kikuu cha Minnesota. Mtihani wa kuingia ulimshinda! Je, alirudi nyumbani kwa aibu? La. Alikubaliwa kuingia kwa mlango mwingine wa chuo kile, akajibidiisha, akahamia masomo ya misitu. Fedha hakuwa nazo, basi aliwaandalia watu chakula mezani ili apate karo. Katika kazi hiyo alionana na msichana mmoja, Margaret Gibson, aliyefanya kazi pale pale. Wakaoana mwaka 1937. Miaka ile ilikuwa ya dhiki Marekani, na Norman aliwaona watu wazima wakikosa chakula mjini. Jambo hilo halikumtoka moyoni.

Mwaka 1944 aliitwa kwenda Meksiko. Ngano ya huko ilikuwa ikiangamizwa na ugonjwa uitwao kutu. Ugonjwa huu ni kuvu. Hutoa unga mwekundu kama kutu ya chuma, nao hupeperushwa na upepo kutoka shamba hata shamba. Shina likiisha kushikwa, punje husinyaa, na mkulima huvuna makapi.

Borlaug alifanyaje? Alitwaa chavua ya ngano moja akaitia katika suke la ngano nyingine, ili apate mbegu yenye nguvu za pande mbili. Kazi hiyo hufanywa kwa koleo ndogo, suke baada ya suke, mara maelfu, mtu akiwa ameinama juani kutwa. Tena aliona kwamba kungoja msimu mmoja kila mwaka ni kukawia. Akapanda Sonora, bondeni kaskazini, wakati wa baridi. Akiisha kuvuna hupeleka mbegu mbio mpaka nyanda za juu karibu na Toluca, akapanda tena. Mkubwa wake alimkataza, maana wataalamu wa siku zile waliamini kuwa mbegu lazima ipumzike. Borlaug akaandika barua ya kuacha kazi. Mwisho akapewa ruhusa, na ikaonekana kwamba hakukosea. Mwaka 1956 Meksiko ilijitosheleza kwa ngano.

Lakini kazi hiyo ilikuwa na gharama yake. Borlaug alikaa mashambani siku nyingi mbali na watu wake. Mtoto wao mmoja alizaliwa mgonjwa, akafa akingali mchanga. Margaret alibeba mzigo mkubwa wa kuwalea binti yao na mwana wao. Hata hivyo, Borlaug alipokuwa nyumbani hakuwasahau. Aliwafundisha vijana wa mji wa Meksiko mchezo wa besiboli, na mwanawe alikuwa pamoja nao.

Baadaye alipata ngano fupi yenye shina nene, isiyoanguka hata ikizaa sana. Mbegu hizo zilipelekwa India na Pakistan. Mwaka 1965 India ilivuna tani milioni 12.3 za ngano; mwaka 1970 ilivuna tani milioni 20.1. Mwaka huo huo wa 1970 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Habari ilipofika hakuwapo nyumbani, kwa kuwa alikwisha kwenda shambani alfajiri. Mkewe akamfuata huko akamwambia. Naye akaendelea na kazi yake!

Wako waliomlaumu, wakasema kwamba mbegu zake zataka mbolea na maji mengi, na maskini hawavimudu vitu hivyo. Yafaa tuyafikiri maneno hayo pia, maana hakuna dawa moja iponyayo kila ugonjwa.

Tangu mwaka 1986 alisaidia wakulima wa Afrika, hata wa Tanzania. Kisha mwaka 1999 kutu mpya ilitambuliwa Uganda, ikavuka mpaka kuingia Kenya. Mwaka 2005 mzee huyu, mwenye miaka 91, aliwaonya wakubwa wa dunia kwamba adui wa zamani amerudi. Huko Njoro, Kenya, wataalamu wakapanda ngano za nchi nyingi ili waone ipi itakayosimama.

Margaret alifariki mwaka 2007, baada ya miaka 69 ya ndoa. Borlaug alimfuata tarehe 12 Septemba 2009, akiwa na miaka 95.

Basi, wanafunzi, msiidharau kazi ya jembe mliyofundishwa na wazazi wenu, wala msidhani kwamba elimu imekusudiwa kuwatoa shambani. Borlaug alipata elimu kubwa, akarudi nayo shambani.

Maswali
1. Kutu ya ngano ni kitu gani, nayo huenezwaje?
2. Kwa nini Borlaug alipanda mbegu mahali pawili katika mwaka mmoja?
3. Ni nani aliyebeba mzigo wa nyumbani Borlaug alipokuwa mbali? Je, twapaswa kumkumbuka naye? Toa sababu.