Shamba la mchwa

Watoto, mvua zikianza kunyesha katika Katanga, mama zetu huchukua vikapu, huenda porini kutafuta uyoga penye vichuguu. Aina moja ni kubwa ajabu: kofia yake yaweza kufika upana wa mita 1. Chimbeni polepole kando ya uyoga huo. Mtaona mguu wake unashuka chini sana, kama mzizi. Unafika wapi? Unafika katika shamba la mchwa.

Mchwa hukusanya miti iliyokufa, lakini matumbo yao hayawezi kuyeyusha mti mgumu. Kwa hiyo wanalima. Mchwa wazee hutoka kutafuta majani makavu na vipande vya miti. Mchwa vijana hula vitu hivyo pamoja na mbegu za uyoga. Kiisha mavi yao (msicheke!) huyapanga vizuri kama sega la nyuki. Juu ya sega uyoga huota, ukitoa vidonge vidogo vyeupe. Ndio unaolainisha ule mti. Sega likizeeka, mchwa hulila, na kuongeza jipya. Kazi hii yote inafanywa na vipofu, gizani.

Watu huchimba vichuguu kupata udongo wa matofali, na kweli udongo huo ni mzuri. Lakini malkia wao, atagaye maelfu ya mayai kila siku, akiuawa, mara nyingi nyumba yote hufa. Sega hubaki bila walinzi. Baada ya siku chache uyoga mwingine, mwembamba, usioliwa, hulifunika lote. Mwaka unaofuata mama anarudi mahali palepale, na kikapu chake ni kitupu.

Shamba jipya huanzaje? Kumbikumbi, wale tunaowakaanga kwa chumvi, huruka wakati wa mvua. Wachache wanaopona hukata mabawa, dume na jike, huingia udongoni na kuzaa. Mara nyingi hawakuchukua mbegu ya shamba. Watoto wao wa kwanza ndio wanaotoka nje kuitafuta: ni vumbi jepesi lililoanguka kutoka chini ya kofia za uyoga. Wasipolipata, wote watakufa kwa njaa.

Maulizo: 1. Sega la mchwa limefanywa kwa nini? 2. Kwa nini mchwa na uyoga huu hawawezi kuachana? 3. Tukiung'oa uyoga wote kabla haujafunua kofia, kutatokea nini?