Tajiri wa Biashara: Mkarimu au Mwenye Kujipenda?

Liko swali ambalo wanafunzi wa somo la biashara hulibishania kila mwaka: Je, mfanyabiashara aliyefanikiwa huwa mkarimu, au huijali nafsi yake tu? Upande mmoja husema hapana mtu awezaye kutajirika bila choyo. Upande wa pili hujibu kwamba visima, misikiti na madawati mengi ni sadaka za matajiri. Mimi naona pande zote mbili huhukumu upesi, kwa kuwa hutazama zawadi na kuisahau mizani. Basi na tulichungue jambo hili kwa mifano ya pwani yetu, kisha tuje hapa Likawage.

1. Kutafuta faida

Adam Smith, mtaalamu wa Scotland, alieleza mwaka 1776 kwamba mwokaji hatuokei mkate kwa kutuhurumia, bali kwa kutafuta riziki yake. Lakini mtu huyo huyo, mwaka 1759, alikuwa amekwisha kuandika kitabu juu ya jinsi binadamu aguswavyo na furaha na mashaka ya wenziwe. Hakuona ajabu mambo hayo mawili kukaa katika moyo mmoja. Mwenye duka aletaye chumvi na sabuni kutoka mbali hutafuta faida, nasi twapata chumvi. Haja yake na haja yetu zimekutana. Hapo hapana choyo wala ukarimu. Ni biashara tu.

2. Sultani wa Kilwa

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa Kisiwani, wakati mji huo ulipostawi kwa dhahabu ya Sofala na pembe za ndovu. Sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, alipewa lakabu ya Abu al-Mawahib, maana yake Baba wa Vipawa. Yeye alikuwa mtawala, si mchuuzi, lakini biashara ndiyo iliyoupa mji wake utajiri.

Ibn Battuta asimulia kwamba siku ya Ijumaa maskini mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizovaa. Sultani akazivua, akampa. Mwanawe akazikomboa nguo zile kwa watumwa 10. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akamwongezea maskini yule watumwa 10 wengine na mizigo miwili ya pembe. Alipokufa, ndugu yake Daud alitawala kwa mkono mgumu, na maskini waliomwomba walirudi mikono mitupu.

Wengi husoma habari hii wakamsifu al-Hasan na kumcheka Daud. Lakini yatupasa kuuliza: zawadi ile ilitoka kwa nani? Msafiri mwenyewe aeleza kwamba sultani alizivamia mara kwa mara nchi za bara na kuteka nyara. Watu 20 waliotolewa siku ile walikuwa na mama zao. Kutoa cha mwenzio ni rahisi.

3. Sewa Haji wa Bagamoyo

Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851. Alitajirika kwa kuiandalia misafara ya bara vitambaa, shanga, bunduki na wapagazi. Mwaka 1896 alitoa jengo lake Bagamoyo liwe shule, kwa sharti kwamba lipokee watoto wa kila rangi. Wakati ule wa utawala wa Wajerumani, sharti hilo halikuwa dogo. Alitoa pia fedha za hospitali Dar es Salaam, na alikufa mwaka 1897. Jina lake lingali katika jengo mojawapo la hospitali ya Muhimbili.

Zawadi hizi ziliwafaa watu ambao Sewa Haji hakuwajua wala hakutazamia kulipwa nao. Hata hivyo tusisahau kwamba faida yake ilipita mabegani mwa wapagazi.

4. Hapa kwetu

Mwezi wa pili akiba imepungua, na ufuta ungali shambani. Mtu mwenye fedha huja akamkopesha mkulima shilingi 50,000, kwa ahadi ya kulipwa kilo 50 za ufuta wakati wa mavuno. Mkulima humshukuru, na jirani humwita mtu huyo mfadhili. Tufanye hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mnadani mwezi wa sita kilo moja ni shilingi 3,000. Kilo 50 ni shilingi 150,000. Mkopeshaji amepata faida ya 100,000, yaani asilimia 200 ya mtaji wake, kwa miezi 4. Kwetu kusini ununuzi huu huitwa kangomba, nao umekatazwa.

Kwa haki, yafaa tuseme kwamba mkopeshaji naye huhatarisha fedha zake, maana mvua yaweza kukosa, na kwamba watoto wa nyumba ile walikula. Lakini ikiwa mwezi wa saba atanunua mpira kwa ajili ya timu ya vijana, sisi tutapiga makofi, na aliyeulipia mpira atakuwa yule mkulima.

Nimemwona pia mwenye duka aandikaye deni la unga kwa bei ile ile ya taslimu, akalipwa baada ya mnada. Hamna amwitaye mkarimu. Lakini wateja hawamwachi, naye hupata faida yake mwaka baada ya mwaka.

5. Fundisho

Jibu langu ni hili: kufanikiwa peke yake hakutuambii kama mtu ni mkarimu au mchoyo. Tumtazame kwanza kwenye mizani, halafu kwenye sadaka. Aliyepunja kilo akatoa sadaka amerudisha sehemu ndogo ya mali za watu. Aliyepima haki kisha akatoa, huyo ndiye ametoa chake. Nasi tusio na duka tusijitoe katika somo hili, kwa maana wahenga walisema: kutoa ni moyo, si utajiri.

Maswali

1. Mkulima amekopa shilingi 40,000 akalipa kilo 30 za ufuta. Ikiwa bei ya mnada ni shilingi 2,800 kwa kilo, mkopeshaji amepata faida ya asilimia ngapi?
2. Kati ya al-Hasan, Sewa Haji na mwenye duka wa unga, nani ametoa kilicho chake? Eleza sababu.
3. Waulize wazazi wako: kijiji kingefanya nini ili mkulima asilazimike kuuza ufuta wake mwezi wa pili?