SOMO LA KIKUNDI: KABLA YA SAHANI, TUSIKILIZANE



Mwisho wa mwaka vikundi vingi hugawana akiba, na watoto wetu walioko Nairobi huanza kupiga simu kusema nauli imepanda. Ni wakati wa furaha. Pia ni wakati ambao familia nyingi hukutana bila kusikilizana. Somo hili linatosha mkutano mmoja. Lengo lake ni kwamba kila nyumba itenge saa moja ya kukaa pamoja mwaka unapogeuka.

MFANO WA KUJADILI

Kangemi iko magharibi ya Nairobi, kando ya Waiyaki Way, ukishapita Westlands kutoka mjini. Wakaaji wengi wametoka mbali: Vihiga, Kakamega, Busia, na wengine nje ya Kenya. Tunawaletea mfano wa familia moja iliyokimbia vita kutoka Bukavu, Kongo. Majina tumeyaacha.

Kwao Mwaka Mpya huitwa Bonane. Watoto huvaa nguo mpya na kupita kwa jamaa kusalimu. Lakini nyumbani kwa babu yao kulikuwa na jambo lililotangulia chakula. Babu alitandika mkeka, na kila mtu akakaa, hata mpishi. Kila mmoja, kuanzia mdogo, alisema mambo matatu: la kushukuru, la kuomba msamaha, na linalomlemea. Hakuna aliyemkatiza mwenzake. Kisha wakasali, wakala.

Miaka ya kwanza Nairobi waliishika desturi hiyo. Halafu ikaanza kuponyoka. Baba huuza vitenge mjini, na siku za mwisho wa Desemba ndizo zenye wateja. Alirudi usiku amechoka, akasinzia kwenye kiti. Mama alikuwa na sufuria tangu asubuhi, anapika sombe na samaki, maana majirani walikuwa waje. Watoto walikuwa kwa simu, wanatumia marafiki wa mbali salamu za mwaka mpya, na televisheni inaonyesha fataki. Wote walikuwa chumba kimoja. Mkeka ulibaki umekunjwa nyuma ya mlango.

Mwisho wa Januari mwalimu akapiga simu. Kijana wao wa sekondari hakuwa ameonekana darasani tangu shule zifunguliwe. Pesa za karo alizopewa Novemba alikuwa amezibeti kwa simu, zikaisha zote. Kila asubuhi alivaa sare, akatembea kwa miguu mpaka mjini, akakaa bustani ya Jeevanjee hadi jioni. Baba alipomwuliza kwa nini alinyamaza, alijibu: "Papa, nilitaka niseme siku ya Bonane. Lakini hakuna mwenye alikaa."

TUCHAMBUE PAMOJA

Tukiharakisha, tutasema kosa ni la simu. Ni kweli simu ilichangia. Papa Fransisko, aliyetembelea Kangemi Novemba 2015, aliandika mwaka uliofuata katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia kuhusu familia ambazo zinakula pamoja na huku kila mmoja ameinamia simu yake.

Lakini tumwangalie baba. Yeye alivutwa na kazi. Mama alivutwa na mapishi. Haya ni mambo mema. Tusome Luka 10:38-42. Martha alikuwa anamhudumia mgeni, kazi nzuri kabisa, lakini wingi wa shughuli ulimnyima nafasi ya kukaa na kusikia. Basi tusitafute tu maovu yanayotupotezea mawazo. Hata wema unaweza kutufanya viziwi.

Kwa nini desturi hii ilikufa Nairobi na haikufa Bukavu? Kule ilikuwa na walinzi wengi: babu, shangazi, majirani. Mtu akihama anabeba mkeka, lakini walinzi wanabaki nyuma. Kila mmoja anangoja mwingine autandike. Hili si la Wakongo peke yao. Kijana wetu aliyehamia Kawangware au Uthiru naye ni mhamiaji, na anaporudi Desemba hukuta sisi wenyewe tumeshikwa na shughuli za jikoni na wageni.

Watu wa kale walijua kwamba mwaka mpya unahitaji kwanza kuondoa mzigo wa mwaka wa zamani. Makunduchi, huko Unguja, kila Julai watu husherehekea Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa migomba, ili kinyongo cha mwaka uliopita kiishie pale pale uwanjani. Sisi hatuhitaji migomba. Ila uwanja wa kutoa ya moyoni tunauhitaji.

FAMILIA ILIFANYA NINI?

Mwaka uliofuata walipatana hivi:

1. Binti mdogo alipewa kazi ya kutandika mkeka. Hakuna kungoja baba aanze.

2. Walibadilisha saa. Badala ya usiku wa tarehe 31, walikaa asubuhi ya Januari 1, kabla ya wageni. Saa ya desturi inaweza kubadilika, bora desturi yenyewe ibaki.

3. Simu zote, na ya baba ikiwemo, ziliwekwa ndani ya sufuria, kifuniko juu. Televisheni ikazimwa.

4. Chakula kilipikwa jana yake, ili mama naye akae.

5. Atakayesema jambo zito hakaripiwi siku hiyo. Kwanza asikilizwe.

Mwaka huo mwenye jambo zito hakuwa kijana. Alikuwa mama. Alikuwa na mkopo wa kikundi ambao baba hakuujua, aliouchukua kulipia karo ile iliyopotea. Baba alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Umebaki pesa ngapi?" Deni halijaisha, lakini sasa linalipwa na watu wawili.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Nyumbani kwetu zamani, mwaka ulipoisha, watu walikaa vipi pamoja? Nani aliwaita?

2. Ni shughuli gani njema inayotuzuia kuwasikia watoto wetu?

3. Je, kuna mkopo wa kikundi ambao mume, mke au watoto hawaujui? (Kila mtu ajibu moyoni mwake.)

4. Nyumbani kwako nani atatandika mkeka, na saa ngapi?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya kugawana akiba, kila mwanachama achague siku na saa, na kuwaambia wa nyumbani, hata walioko Nairobi. Mkutano wa kwanza wa Januari tuulizane kama tulikaa. Yaliyosemwa kwenye mkeka yabaki ya nyumba hiyo.

Mungu abariki nyumba zenu.